Sita Mbili Katika Nyumba Moja

Rehani hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Pale Kihonda, nyuma ya mashine za kukoboa, watoto walimwita Mzee Rula, kwa kuwa hata akienda dukani kununua chumvi rula yake ya chuma ilichungulia mfukoni mwa shati. Alikuwa amestaafu kwenye kiwanda kidogo cha chapa mjini, na kazi ile ilimwachia kidole kimoja kifupi na chuki ya mstari uliopinda. Mke alishatangulia mbele ya haki. Watoto walikuwa Dar, wanapiga simu Idi hadi Idi. Kilichomweka mezani kila asubuhi mpaka jua linapanda kilikuwa kimoja tu, kutunga mafumbo ya namba.

Si haya ya gazetini. Ya gazetini aliyaita uji wa mgonjwa. Sudoku ya kawaida kila mtu anaijua, au anadhani anaijua: milalo tisa na wima tisa za vijumba, vimegawanywa katika nyumba tisa, na katika kila mlalo, kila wima na kila nyumba, namba moja hadi tisa zikae mara moja moja, pasiwe na pacha. Rehani alianzia hapo, kisha akaongeza ukorofi wake. Alichora mito, mistari ya wino wa bluu inayokatiza vijumba, na namba zilizokaa mtoni zilitakiwa kupungua kila hatua kutoka chanzo hadi mwisho, maana yeye ni mtu wa Uluguru na hajawahi kuona mto unaopanda. Vijumba vingine alivizungushia maboma ya vidoti na kuandika pembeni jumla ya namba zilizomo. Namba za kuanzia alizitoa kiduchu, kama mtu anayegawa nyama kwa majirani asiowapenda. Kuna fumbo lake moja halikuwa na namba hata moja, mito na maboma matupu, na bado lilifumbuka.

Lilifumbuka, tena kwa jibu moja. Hapo Rehani hakuwa na mzaha. Fumbo lenye majibu mawili, alisema, ni uzembe, na fumbo lisilo na jibu ni dhuluma, kwa sababu umemtuma mtu mzima akatafute kitu ambacho hukukiweka. Kwa hiyo kabla fumbo halijatoka nyumbani kwake alichukua karatasi safi na kulifumbua mwenyewe tangu mwanzo, kana kwamba limetungwa na mtu mwingine. Kazi hiyo aliiita kulionja. Mpishi asiyeonja mchuzi, alisema, anawaonjesha wageni ujinga wake.

Mgeni wake alikuwa mmoja, Hamza wa Matombo. Hamza alifundisha hisabati shule ya msingi huko huko mlimani mpaka alipostaafu, na baada ya hapo akawa mndewa, yaani mkubwa wa ukoo anayesimamia ardhi ya upande wa mama. Mndewa hana karatasi. Nani alime wapi, mpaka unapita kwenye jiwe gani, migomba ile ilipandwa na bibi wa nani, yote yamo kichwani mwake, na siku ukoo ukikaa yeye ndiye anayesema na wengine wanasikiliza. Watu walimwamini Hamza kwa sababu kichwa chake kilikuwa hakivuji.

Ukoo wa Hamza na ukoo wa Rehani ni watani, na utani wenyewe ni wa zamani kuliko msikiti wa kijiji. Aliyezaliwa nao haelezwi, lakini kwa asiyejua: mtani wako anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako na wewe ukacheka. Akija msibani kwako ataiga kikohozi cha marehemu na kudai kitanda chake, na wafiwa hawana ruhusa ya kununa. Na mtani ndiye anayezika. Hawa wawili walikuwa wametukanana tangu wakiwa wavulana wanaowinda ndege kwa manati, na uzee haukuwatia adabu.

Mafumbo yalipanda mlimani kwa mkono wa Asia, mpwa wa Hamza, binti wa dada yake. Asia alikuwa anashuka na mikungu ya ndizi kuuza sokoni Morogoro, na akirudi hubeba karatasi ya Rehani ndani ya kikapu. Siku mbili tatu zikipita, simu ya Rehani hulia. "Mtani, fumbo lako bovu," husema Hamza, hata salamu hakuna. Alilisema hilo kwa kila fumbo. Rehani naye hujibu kwamba kilicho kibovu ni ubongo wa mwalimu, na safari ya Asia inayofuata karatasi hurudi imejaa namba, zote sahihi, na chini yake tusi lililoandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Miaka na miaka ilikwenda hivyo. Neno bovu likawa kama hodi, na nani anayechunguza hodi.

Kisha Hamza akaanguka chooni. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya mdomo. Rehani alipanda Matombo kumwona, na alifika mlangoni akiwa ameshaandaa la kusema njia nzima, maana kumfikia mtani mgonjwa kwa sauti ya upole ni kumtangazia kifo.

"Nusu yako imeshafika ahera," akasema. "Hii nusu iliyobaki inamsubiri nani?"

"Inakusubiri wewe," akasema Hamza, maneno yakitoka kwa taabu. "Ikuzike kwanza ndiyo iende."

Wakacheka. Lakini mke wa Hamza alipotoka kwenda kuchemsha chai, Hamza akamshika Rehani mkono kwa mkono wake mzima.

"Kaa, mtani. Nina neno. Juzi nilimwita mtoto wa Asia kwa jina la marehemu mama yangu. Nikarekebishwa, nikarudia tena. Na baada ya Idi ukoo unakaa. Wanataka yale mashamba ya bondeni yagawanywe upya, na unajua palivyo na maneno. Nikikosea mpaka mmoja, watu watakatana mapanga."

"Basi usigawe."

"Nisigawe kwa sababu gani? Lazima nijue kwanza kama kichwa kimekufa au kinasinzia. Daktari ananiambia utapona, mzee. Mke wangu ananiambia hujambo kabisa. Wote wananionea huruma. Wewe huna huruma."

"Nikuonee huruma una nini?"

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Nitungie fumbo. Kali, kama yale ya zamani, usipunguze hata chembe. Nikilifumbua kabla ya Idi, nakaa kwenye nafasi yangu na maneno yangu yanasimama. Likinishinda, namwachia Issa."

Issa alikuwa mdogo wake Asia, kijana wa bodaboda aliyejua vichochoro vyote vya Msamvu na hakujua hata mpaka mmoja wa bondeni. Rehani alitaka kusema hivyo. Badala yake akasema, "Nitakutungia la kukuzika," na Hamza akaitikia kwa kichwa akiwa ameridhika.

Ramadhani ikaingia. Rehani alikaa mezani na karatasi yake nene ya kiwandani, akachora, akafuta, akachora. Hakuwa amewahi kutunga akiwa na hofu. Kila alipofika mahali pagumu aliuona ule mdomo uliopinda, na mkono wake ukaongeza namba moja ya kuanzia hapa, ukafupisha mto pale. Alijiambia kwamba anapamba tu. Fumbo lilipokwisha alilionja, likafumbuka vizuri, likafumbuka haraka mno, na yeye akajifanya hakuona.

Asubuhi ambayo Asia alikuja kulichukua, Rehani alikuwa kibarazani anapanga karatasi.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mke wangu. Umeleta ndizi au umeleta posa?"

Siku nyingine Asia angemjibu kwamba haolewi na maiti. Siku hiyo alikaa chini kwenye ngazi na kutua kikapu. "Mtani, naomba umpe mjomba jepesi."

"Jepesi la nini?"

"Alishike, alimalize, moyo wake utulie. Usiku halali. Anaandika namba kwa mkono wa kushoto ukutani kwa mkaa, anasema anauzoesha. Likimshinda atamwachia Issa, na Issa ameshaanza kuahidi watu mashamba. Lile langu la mtoni nasikia lina mwenyewe mwingine. Mpe jepesi, mtani. Hatajua."

"Unataka nimdanganye mtani wangu?"

"Nataka apone."

Rehani alimfukuza kwa ukali uliomshangaza yeye mwenyewe. Akamwambia aende sokoni auze ndizi zake, arudi adhuhuri, karatasi itakuwa tayari. Alipobaki peke yake alilitazama lile fumbo na akaona aibu, kwa sababu Asia alikuwa ameomba kitu ambacho tayari kilikuwa kimefanyika. Lile lilikuwa jepesi. Alikuwa amempikia mtani wake uji wa mgonjwa na kuuita pilau, na Hamza, ambaye katika dunia nzima alimwomba mtu mmoja tu asimhurumie, angekunywa na kushukuru.

Akachukua wembe. Fundi wa chapa hafuti kwa kifutio, anakwangua wino taratibu mpaka karatasi inabaki nyeupe, kisha anapiga pasi kwa ukucha. Akakwangua namba mbili za kuanzia. Kisha akakwangua mkia wa mto mrefu na kuusogeza kijumba kimoja pembeni, ukapinda kwa madaha na kuingia kwenye nyumba ya chini kulia. Fumbo likabadilika mbele ya macho yake, likawa kali, likawa zuri, fumbo la Rehani wa zamani. Boma lililokuwa limeegemea mto huo alilisahau. Lilibaki na jumla yake ile ile, kama mlinzi ambaye hakuambiwa kwamba mali imehamishwa.

Alikuwa anatafuta karatasi safi ya kulionja Asia aliporudi, tena kabla ya adhuhuri. Ndizi zilikuwa zimenunuliwa kwa pamoja na mtu wa futari, na lori la kurudi Matombo lilikuwa limesimama barabarani, dereva anapiga honi.

"Tayari?"

Haraka haraka haina baraka, kila mtoto anaimba. Rehani naye alikuwa akiimba. Lakini alikuwa na njaa ya saumu, alikuwa bado na hasira, na alikuwa na miaka mingi ya kutokosea, ambayo ni mzigo mbaya kuliko yote. Akaikunja karatasi, akamkabidhi. "Tayari," akasema. Akapanga kulichora upya jioni kwa kumbukumbu na kulionja. Jioni kichwa kilimuuma, kesho yake alikuwa na wageni, na keshokutwa yake akawa ameshaamini kwamba alilionja.

Simu ililia Ramadhani ikiwa katikati, watu wamemaliza kufuturu.

"Mtani," akasema Hamza. "Fumbo lako bovu."

Rehani akacheka kwa raha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiharusi kusikia hodi ile. "Umechelewa kusema. Nilidhani umeshazikwa wakanificha."

"Nisikilize. Nyumba ya chini kulia. Sita mbili zinaigombania. Kila njia ninayopita naishia hapo hapo. Nimefuta mpaka karatasi inataka kutoboka."

"Sita hazina ugomvi, mtani. Ugomvi uko kati ya kichwa chako na mwenye nacho."

"Una hakika?"

"Mwalimu mzima unauliza hakika. Rudi mwanzo."

"Haya," akasema Hamza, naye akacheka. Rehani alikumbuka baadaye kwamba kicheko kilikuwa kifupi. Wakati ule hakukipima. Aliweka simu chini na kumshukuru Mungu kwa kumrudishia mtani wake, akaenda zake msikitini. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na watani ni watu pekee wanaodhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wengine.

Hamza hakupiga tena. Idi ikapita. Rehani alidhani anamaliza fumbo kimyakimya ili amshtukize.

Asia alikuja wiki iliyofuata bila kikapu. Alimwamkia Rehani shikamoo baba, si shikamoo mtani, na hilo lilimfanya Rehani aache kalamu. Asia akampa karatasi. Ilikuwa imechakaa kama noti ya sokoni, imejaa namba kubwa zilizoyumba, namba za mkono wa kushoto, na zote zilikuwa sawa mpaka kwenye nyumba ya chini kulia. Pale palikuwa pameandikwa sita, na kijumba cha jirani yake sita, zimezungushiwa duara. Chini, mahali pa tusi, palikuwa patupu.

"Ukoo umekaa," akasema Asia. "Alisimama akiwa ameshikiliwa huku na huku. Akawaambia kichwa chake kimekufa. Watu wakakataa, wakasema mzee mbona unaongea vizuri tu. Akasema amejipima kwa mizani isiyohongeka, na imemkataa. Akamwachia Issa. Sasa hasemi neno na mtu. Amelala ameupa ukuta uso, na chakula anakirudisha."

"Na shamba lako?"

Asia akatikisa kichwa, kama mtu aliyeulizwa habari ya jambo dogo.

Alipoondoka, Rehani alikaa na ile karatasi. Bado hakushuku. Alichokitaka ni kulifumbua mwenyewe, aandike jibu zima kwa wino, amtumie Hamza pamoja na tusi la kumwinua kitandani. Akachukua karatasi safi. Alianza na mto mrefu, akaingia kwenye maboma, akaenda akifuata nyayo zile zile za mkono wa kushoto, mlalo kwa mlalo, na kila mahali Hamza alikuwa amepita vizuri. Kulikuwa na sehemu moja katikati, mtego ambao Rehani mwenyewe aliuonea fahari, na Hamza alikuwa ameukwepa kwa njia fupi kuliko ya mtungaji. Kisha Rehani akafika nyumba ya chini kulia, akakuta sita mbili.

Akarudi mwanzo. Akapita njia nyingine. Sita mbili. Alasiri ikaadhiniwa na hakusikia. Alipitisha kidole kwenye mkia wa mto, pale karatasi ilipokuwa laini kwa kukwanguliwa, na hapo ndipo alipokumbuka honi ya lori, na kwamba hakuonja. Mtu mwenye nusu ya mwili, anayeandika kwa mkono usio wake, alikuwa amefika mwisho wa fumbo kali kuliko yote, amefika mpaka kwenye kosa lenyewe, amelinyooshea kidole na kulitaja kwa jina. Na yeye alimcheka.

Kesho yake alipanda Matombo kwa bodaboda. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, wakaanguka mara moja kwenye tope na dereva akaomba radhi njia yote iliyobaki. Rehani alikuwa ameishika ile karatasi ndani ya shati.

Hamza alikuwa amekonda. Rehani hakusimama mlangoni, wala hakuwa na neno la kuchekesha. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mtani, fumbo lilikuwa bovu."

Hamza akageuza kichwa kutoka ukutani. "Hilo neno ni langu."

"Ulisema kweli. Nilihamisha mto dakika za mwisho, sikulionja. Halina jibu. Hakuna mtu duniani angelifumbua. Kichwa chako kizima, mtani, kosa ni langu. Tazama hapa nilipokwangua."

Hamza alitoa mkono wa kushoto chini ya shuka. Akapapasa ile sehemu laini, polepole, kama anayepapasa uso wa mtoto. Kwa muda Rehani aliona kitu kinaamka machoni mwake, akashusha pumzi.

"Umekwangua lini?" akauliza Hamza. "Jana?"

"Siku ile ile. Kabla sijampa Asia."

"Wembe wako bado mzuri."

"Hamza, nakuambia kweli."

"Karatasi ilikuwa kwako. Asia alikupa nzima, umeirudisha ina kidonda." Alisema bila hasira. "Umefunga safari na uzee wako, umeanguka kwenye tope, ili uje kunidanganya. Ahsante, Rehani."

Tangu utotoni hakuwa amemwita kwa jina lake.

"Wallahi nakuapia," akasema Rehani, macho yakimlengalenga machozi.

"Mtani haapi. Unalia pia." Hamza alikuwa anamtazama kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko kiharusi. "Nilikuchagua wewe kwa sababu huna huruma. Sasa na wewe umeanza. Basi mimi nimeshakufa, imebaki kuzikwa. Kama mimi mzima, nitukane."

Rehani akafungua mdomo. Miaka yote ile ya matusi, ya kuitana fisi na mchawi na mkia wa mbuzi, na sasa hakupata hata moja. Alimtazama mtu aliyempenda kuliko ndugu zake, machozi yakamtoka.

"Umeona," akasema Hamza, akaurudia ukuta.

Uani Rehani alimweleza mke wa Hamza habari yote, mto, boma, wembe. Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa moyo wake mwema, akamfungia ndizi za kwenda nazo. Issa alimsikiliza pia, akiwa amekaa juu ya pikipiki. "Mzee wangu, hata kama," akasema, "ukoo umeshakaa." Huko bondeni kulikuwa na watu wawili wanapima shamba kwa kamba, na Rehani, ambaye macho yake yalikuwa hayavumilii mstari uliopinda, aliona hata kwa mbali kwamba wanapima vibaya.

Hamza alikufa mwezi wa mfungo mosi, ule unaofuata Ramadhani, haujaisha. Hakuugua ugonjwa mwingine. Aliacha tu kula, akaacha kunywa, akaacha.

Rehani aliletewa habari kama inavyopaswa, kwa sababu maziko hayaanzi bila mtani. Kaburi lilichimbwa juu kidogo ya nyumba, pembeni ya migomba, kwenye udongo mwekundu ulioloa. Wanaume walikuwa wengi, wa ukoo na wa mbali, wanafunzi wa zamani wa Hamza wenye mvi zao. Jeneza lilipofika wote walimgeukia Rehani, na nyuso zao zilikuwa zinangoja, maana huzuni ilikuwa imewakaba na yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuilegeza.

Akashuka kaburini, akasimama humo, udongo ukimfika kifuani.

"Huyu hazikwi," akasema.

Kicheko chepesi kikapita. Issa, aliyesimama mbele kama mndewa mpya, akauliza kama desturi inavyotaka, "Kwa nini asizikwe, mtani?"

"Hakushindwa. Mlimpokonya kiti akiwa mzima. Kichwa chake kilikuwa kizima kuliko vichwa vyenu vyote hapa mkivifunga tita moja."

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja akapiga makofi.

"Fumbo lilikuwa bovu," akasema Rehani, na sauti yake ikapanda. "Yeye aliniambia ni bovu, mimi nikamcheka. Mimi ndiye niliyehamisha mto. Sikuonja. Nilimtuma akatafute kitu ambacho sikukiweka, akatafuta mpaka akafa. Nimemuua mimi. Nawaambia kweli, nimemuua mimi."

Kicheko kikawa kikubwa, kile cha watu waliokesha wakilia, kinachoinamisha mtu na kumshikisha mbavu. Kadiri alivyosema nawaambia kweli ndivyo walivyozidi. Machozi yalikuwa yanamtiririka Rehani mpaka kwenye ndevu, na hilo nalo waliliona kuwa ni ufundi. Mzee mmoja wa upande wa bondeni akavua kofia na kujifutia macho.

"Huyo ndiye mtani," akamwambia aliye karibu naye. "Vijana wa siku hizi hawaiwezi kazi hii."

Issa akatoa sarafu mfukoni na kuitupa kaburini, ndiyo kilemba cha mtani ili aache maiti apite. Ilianguka karibu na mguu wa Rehani. Aliitazama, kisha akainama na kuiokota, kwa sababu mtani asipoipokea, maziko hayaendelei. Jeneza likafunguliwa. Sanda ikateremshwa, na Rehani akanyoosha mikono kuipokea.